Kompyuta ya kazi nzito ya mtumba imegoma kuwaka: namna ya kuitafuta hitilafu na kuirekebisha

Kompyuta za kazi nzito zilizostaafishwa maofisini, yaani HP za mfululizo wa Z, Dell Precision na Lenovo ThinkStation, zimejengwa imara kuliko PC nyingi mpya. Zikigoma kuwaka, mara nyingi hakuna kilichokufa. Kabla ya kukufikia, mashine ilipita kwa watu kadhaa: mmoja alitoa diski ili taarifa za ofisi zisivuje, mwingine akang'oa kadi ya picha nzuri, mwingine akachanganya RAM za mashine tatu ili tangazo lisomeke "GB 64". Wakati wote huo betri ya ubao mama ilikuwa inaisha stoo. Kwa hiyo anza kwa kutafuta kilichobadilishwa au kuondolewa, ndipo ufikirie kilichoungua.

Fundi aliyezoea PC za kawaida hupotea kwenye mashine hizi kwa sababu tatu. Pawa saplai zake kwa kawaida hazifuati kiwango cha ATX, hata kama plagi zinafanana. Huchagua sana aina ya RAM. Na prosesa zake nyingi, Xeon za familia ya E5, hazina kitengo cha picha cha ndani, maana yake bila kadi ya picha hutaona chochote hata kama kila kitu ni kizima.

Kwanza ijue imekwama wapi

Usinunue kifaa chochote kabla ya kujibu hili. Mashine inaweza kuwa kimya kabisa. Inaweza kuwaka, feni zikazunguka, lakini skrini ikabaki nyeusi. Inaweza kuonyesha nembo ya kampuni kisha ikalalamika kwamba haioni diski. Au inaweza kuanza kupakia Windows au Linux ikakwama njiani, ikajizima, au ikazunguka kujiwasha upya. Hizo ni hatua nne zinazofuatana, na ukifika ya tatu, umeme, prosesa na RAM ya msingi vimeshajithibitisha. Anayebadilisha pawa saplai kwa sababu Windows haipakii anatupa pesa.

Vifaa vya kazi si vingi: bisibisi ya nyota namba 2, bisibisi ya Torx T15 (HP hupenda skrubu hizo), multimita, brashi laini, spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, betri mpya ya CR2032, flashi ya GB 8 au zaidi, na kadi ndogo ya picha isiyohitaji waya wake wa umeme, kama Quadro K600 au NVS 310. Kadi ya namna hiyo ni ya bei ndogo na itakuokolea saa nyingi.

Kabla ya kugusa ndani, chomoa kebo ya umeme, kisha shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10 hadi 30 ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma tupu cha kasha kabla ya kushika RAM au prosesa. Pawa saplai yenyewe usiifungue: kapasita yake kubwa hukaa na volti 300 na zaidi, na huweza kubaki nazo hata baada ya kuchomolewa.

Mashine iko kimya kabisa

Anza ukutani. Jaribu soketi nyingine, kebo nyingine, na angalia swichi ya nyuma ya pawa saplai kama ipo. Kisha chomoa kebo, shikilia kitufe kama ilivyoelezwa, subiri dakika chache, chomeka tena. Wengi huuona ujanja huu kama uganga, lakini una sababu: pawa saplai iliyowahi kuhisi shoti au mzigo uliopita kiasi hujifunga, na hubaki imejifunga hadi umeme wa ukutani ukatike na kapasita zake ziishe chaji. Mashine ikiwaka baada ya hapo, usishangilie bado. Kuna kitu kiliifanya ijifunge, na huenda kitarudi.

Pawa saplai nyingi za Dell Precision na HP Z zina kipimo chake chenyewe. Kwenye Dell tafuta kitufe kidogo na taa karibu na mahali kebo inapochomekwa. Kwenye HP tafuta taa ya kijani sehemu hiyohiyo. Chomeka umeme, bonyeza kitufe kama kipo. Taa ikiwaka kijani, pawa saplai ina uhai. Isipowaka, itenganishe na mashine (kwenye Precision T5810 na ndugu zake hutoka kwa nyuma kama droo, bila skrubu) kisha uijaribu ikiwa peke yake. Ikiwa peke yake inawaka na ikirudishwa inazima, tatizo liko kwenye mzigo: ubao mama, kadi, au diski inapiga shoti. Ikiwa peke yake nayo haiwaki, imekufa, na hapo ununuzi wa nyingine ni halali.

Ule mtindo wa kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya ni wa pawa saplai za ATX za pini 24 tu. Kwenye hizo, pini ya 16 ndiyo ya kuwashia, pini ya 9 yenye waya wa zambarau hutoa volti 5 za akiba muda wote, na pini ya 8 ya kijivu huuambia ubao kwamba umeme umetulia. Vipimo vinavyokubalika ni hivi:

- waya wa njano, volti 12: kati ya 11.4 na 12.6
- waya mwekundu, volti 5: kati ya 4.75 na 5.25
- waya wa chungwa, volti 3.3: kati ya 3.14 na 3.46

Kwenye HP na Dell zenye plagi zao maalumu, usibahatishe pini kwa kufuata rangi za ATX. Baadhi hutoa volti 12 peke yake na kuuachia ubao mama kazi ya kutengeneza volti nyingine, na pini uliyoizoea huenda ina kazi tofauti kabisa. Waya mmoja usio sahihi na umeua ubao uliokuwa mzima.

Kama kipimo cha pawa saplai kinapita lakini mashine bado kimya, angalia kitufe cha mbele. Kebo yake huchomoka wakati kasha linafunguliwa, na ni rahisi kupitwa na jicho. Kwenye ubao wa kawaida unaweza kugusanisha pini mbili za kuwashia kwa ncha ya bisibisi. Kwenye mashine za kampuni, tafuta kwanza mchoro wa pini katika mwongozo wa huduma wa modeli yako.

Inayowaka kwa sekunde moja kisha ikazima ni kesi nyingine. Toa kadi zote, chomoa diski zote, bakiza prosesa ya kwanza na RAM moja. Ikitulia hapo, rudisha kimoja kimoja hadi mkosaji ajitokeze. Isipotulia, hakikisha plagi ya umeme ya prosesa, ile ya pini 4 au 8 karibu na prosesa, imeingia hadi mwisho. Kisha mulika chini ya ubao utafute skrubu iliyodondoka, na chunguza kapasita zilizovimba kichwani.

Inawaka, lakini skrini nyeusi

Subiri kwanza. Mashine yenye GB 128 za RAM iliyowekewa RAM mpya, au iliyofutiwa mipangilio ya BIOS (programu ya mwanzo iliyo kwenye ubao mama), huchukua muda kuzipima na kuzipanga. Dakika mbili za giza si ajabu. Anayezima na kuwasha kila sekunde 20 anaikatiza kazi hiyo kila mara, kisha anasema imekufa. Hesabu dakika tano ukitazama saa ndipo uamue.

Kisha hakikisha kebo ya monita imechomekwa kwenye kadi ya picha. Quadro nyingi zina DisplayPort tu, na hapo ndipo adapta rahisi husumbua: kutoka DisplayPort kwenda VGA unahitaji kigeuzi chenye chipu ndani, si waya tu. Jaribu matundu yote ya kadi, moja baada ya jingine, kwa sababu baadhi ya kadi huonyesha picha ya mwanzo kwenye tundu moja pekee.

Kadi kubwa lazima ipate umeme wake. Tundu la PCIe, ambalo kadi huchomekwa, hutoa hadi wati 75, plagi ya pini 6 huongeza 75, ya pini 8 huongeza 150. Epuka adapta ya kutoka plagi ya SATA (ya umeme wa diski) kwenda pini 6: plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12 za ampea 1.5 kila moja, jumla wati 54, na ukiidai 75 plastiki huanza kuyeyuka. Kama huna uhakika na kadi, itoe na uweke ile ndogo. Kadi mpya sana kwenye BIOS ya zamani huweza pia kukataa kuonyesha picha ya mwanzo, na kadi ya zamani itakuambia ukweli.

Sasa sikiliza na utazame. HP za kizazi cha Z420, Z620 na Z820 hutoa milio pamoja na mwako mwekundu wa taa ya kitufe. Milio hukoma baada ya kurudiwa mara tano lakini taa huendelea, hivyo kama umechelewa kufika, hesabu miwako kati ya kituo na kituo:

- 2: prosesa imepata joto kupita kiasi
- 3: prosesa haipo au haionekani
- 4: umeme umezidiwa au pawa saplai ina hitilafu
- 5: RAM
- 6: kadi ya picha
- 7: ubao mama
- 8: programu ya BIOS imeharibika

HP mpya zaidi hutumia miwako myekundu ikifuatiwa na myeupe, na ThinkStation P kadhaa zina kioo kidogo mbele kinachoandika herufi na tarakimu nne. Dell hutegemea rangi ya taa ya kitufe na, kwenye modeli kadhaa, taa nne zenye namba. Mipangilio hubadilika toka modeli hadi modeli, hivyo fungua mwongozo wa modeli yako hasa. Jedwali la modeli jirani linaweza kukupeleka kwenye RAM wakati tatizo ni prosesa.

RAM: hapa ndipo wengi hukwama

Kuna aina mbili kuu zinazofanana kwa macho: RAM yenye rejista (chipu ndogo ya kupitishia amri), na RAM isiyo na rejista. Zote zina pini 240 kwa DDR3 na 288 kwa DDR4, zote huingia kwenye tundu bila ubishi, na zote zinaweza kuwa na ECC (usahihishaji wa makosa). Lakini hazichanganyiki. Ukiweka moja yenye rejista kati ya nyingine saba zisizo nayo, feni zitazunguka lakini skrini itabaki nyeusi.

Soma lebo. Kwenye DDR3 utaona maandishi kama PC3-12800R, PC3-12800E au PC3-12800U. R ni yenye rejista, E ni isiyo na rejista lakini ina ECC, U ni ya kawaida kabisa. Kwenye DDR4 herufi hiyo huja baada ya kistari, kama PC4-2400T-R au PC4-2400T-E. L mahali hapo ni aina ya tatu, ya uwezo mkubwa, ambayo nayo haichanganyiki na R. Ile L ya PC3L, kwa upande mwingine, inaeleza volti 1.35 badala ya 1.5 na haihusiani na jambo hili.

Mashine nazo hutofautiana. Z420 inataka isiyo na rejista, wakati Z440 iliyoirithi inataka yenye rejista. Mtu aliyehamisha RAM kutoka moja kwenda nyingine amejitengenezea tatizo, tena mara mbili, kwa kuwa ya kwanza ni DDR3 na ya pili ni DDR4. Kasi zikitofautiana hakuna shida kubwa, zote zitashuka hadi ya chini kabisa.

Kutafuta RAM mbovu kuna utaratibu wake. Toa zote. Weka moja kwenye tundu la kwanza kama mchoro ulio ndani ya mfuniko wa pembeni unavyoonyesha, kwa sababu mpangilio wa namba mara nyingi haufuati mstari. Iwashe na usubiri. Jaribu kila RAM peke yake katika tundu hilohilo, uzitenge nzima na mbovu. Kisha chukua moja nzima uipitishe kwenye matundu yote. Ukifanya kinyume, yaani kubadilisha RAM na tundu kwa wakati mmoja, hutajua kilichobadilisha matokeo.

Kabla ya kuitupa RAM, isafishe pini zake kwa kitambaa kisichotoa nyuzi chenye spiriti, iache ikauke, ibonyeze hadi vibano vyote viwili vilie. Mafundi wengi hutumia kifutio cha penseli. Kinafanya kazi, ila dhahabu ya pini hizo ni nyembamba mno na kifutio kigumu huikwangua, spiriti inatosha.

Ikiwa matundu mawili ya jirani yanakataa kila RAM, usiulaumu ubao haraka. Kwenye mashine hizi kidhibiti cha RAM kimo ndani ya prosesa, na njia yake hupitia pini za soketi. Pini moja iliyopinda, au hitisinki (kipoza joto cha prosesa) iliyokazwa upande mmoja kuliko mwingine, huweza kuua njia nzima ya RAM huku mashine ikiendelea kuwaka. GB 32 zikionekana kama GB 24, mara nyingi jibu liko hapo.

Prosesa na soketi

Legeza skrubu za hitisinki kwa mpangilio wa msalaba, mizunguko michache kila moja. Kama pasti ya kupitisha joto imekauka na hitisinki imegandamana, izungushe taratibu kushoto na kulia. Usiivute juu kwa nguvu. Mulika soketi kwa tochi kutoka pembeni: pini 2011 zote zinapaswa kung'aa kwa mstari mmoja, na iliyopinda itaonekana kama kivuli kisicho mahali pake. Inyooshe kwa sindano nyembamba au ncha ya penseli ya kubonyeza iliyotolewa risasi, ukiwa na kioo cha kukuzia. Ukiikosa mara moja ukaipinda tena mara ya pili, huenda ikakatika.

Futa pasti ya zamani kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya dengu katikati. Xeon kubwa zinaweza kuhitaji zaidi kidogo. Kaza kwa msalaba tena.

Mashine za prosesa mbili zina mtego wake. Baadhi ya matundu ya RAM na ya PCIe yameunganishwa na prosesa ya pili, na yasipokuwa na prosesa hiyo ni kama hayapo. Kadi ya picha iliyochomekwa hapo haitatoa picha kamwe. Kwenye Z620 na Z640 prosesa ya pili hukaa kwenye ubao mdogo unaochomolewa pamoja na RAM zake, jambo linalorahisisha uchunguzi: itoe nzima, washa na ya kwanza pekee.

Kuna hitilafu moja inayowasumbua wanunuzi wa Z420, Z620 na Z820. Xeon za E5 v2 (kizazi cha pili) hukaa kwenye soketi ileile ya v1, lakini ubao huzikubali kama tu sehemu ya mwanzo ya BIOS yake ina tarehe ya 6 Machi 2013. Ubao wenye tarehe ya 28 Desemba 2011 hautakubali v2 kamwe, na kusasisha BIOS hakubadilishi sehemu hiyo. Tarehe huonekana ndani ya BIOS (bonyeza F10), ukurasa wa taarifa za mfumo, mashine ikiwa imewaka na prosesa ya v1. Kwa Z440 na T5810 mambo ni mepesi: v4 inahitaji tu BIOS mpya, iliyowekwa kabla ya v3 kuondolewa.

Betri, na mipangilio iliyopotea

Pima CR2032 ikiwa nje ya kishikio. Mpya huwa volti 3.0 hadi 3.3. Ikishuka chini ya 2.8, ibadilishe bila mjadala. Betri iliyoisha kwa kawaida haizuii mashine kuwaka, ila inarudisha mipangilio ya kiwandani kila umeme unapokatwa, na madhara yake huonekana mbali na yenyewe, kwenye diski.

Kufuta mipangilio kwa makusudi pia ni dawa ya skrini nyeusi baada ya mtu kuchezea BIOS. Kwenye HP kuna kitufe kidogo chenye maandishi CMOS: chomoa umeme, kishikilie sekunde 5. Mahali pengine toa betri, shikilia kitufe cha kuwasha sekunde 10, subiri dakika tano. Nenosiri la BIOS lililoachwa na ofisi ya awali ni suala tofauti. Mashine nyingi za zamani zina jampa ya PSWD (kipande kidogo kinachounganisha pini mbili za ubao) kwa kazi hiyo, lakini baadhi ya mpya hufunguliwa na mtengenezaji tu, hivyo dai nenosiri kwa muuzaji kabla ya kulipa.

Nembo inaonekana, diski haionekani

Ingia BIOS: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo. Kama diski haimo kwenye orodha, badilisha kebo ya SATA na tundu lake, kisha plagi ya umeme. Kama imo lakini mashine haitaki kuanzia hapo, angalia mambo mawili.

La kwanza ni namna ya kuwasha: UEFI (mpya) dhidi ya Legacy (ya zamani). Diski ambayo sehemu zake zimepangwa kwa mfumo wa GPT huhitaji UEFI ili kuwasha Windows, ya MBR huhitaji Legacy. La pili ni hali ya SATA: AHCI (kila diski peke yake) au RAID (diski kadhaa zikiunganishwa kama moja). Dell nyingi hurudi kwenye RAID betri ikiisha, na Windows iliyowekwa chini ya AHCI itaanza kupakia kisha itoe skrini ya buluu ya INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Geuza hali hiyo upande wa pili kabla ya kufikiria kuweka Windows upya. Watu wamefuta mafaili mazima kwa kosa la mstari mmoja wa BIOS.

Mashine za kizazi cha DDR3 kwa kawaida haziwezi kuanzia kwenye NVMe (SSD ya kasi inayopitia PCIe), hata kama adapta ya PCIe inaingia vizuri. BIOS yake haina dereva. Windows ikishawaka itaiona diski hiyo bila tatizo, lakini mwanzo lazima utoke kwenye SATA, au kwenye flashi yenye Clover (programu ya kuwashia) na dereva ya NVMe.

Ukikuta diski ya SAS (aina ya seva inayofanana na SATA), plagi ya kawaida ya SATA haitaingia kwa sababu pengo la katikati limezibwa. Inahitaji kadi au tundu la SAS. Na kama mashine ilikuwa na kadi ya RAID ikaondolewa, diski zilizobaki zitaonekana kama tupu ingawa zina data. Usikubali pendekezo la kuzipanga upya.

Inaanza kupakia, kisha inakwama

Kagua afya ya diski kabla ya kukarabati chochote. Washa kwa flashi ya Linux, andika `smartctl -a /dev/sda`, na tazama mistari mitatu, yenye namba 5, 197 na 199. Ya 5 na 197 ikiwa juu ya sifuri, uso wa diski umeanza kuharibika. Ya 199 ikipanda, shuku kebo. Diski mbovu yenye data ya thamani inakiliwa kwanza, na chkdsk (kikaguzi cha diski cha Windows) isubiri, kwa maana hiyo huilazimisha isome na kuandika palipooza:

`ddrescue -f -n /dev/sda /dev/sdb ramani.log`

Ya kwanza ni chanzo, ya pili ni lengo. Zikigeuzwa, umefuta kila kitu. Hakikisha kwa `lsblk` ukilinganisha ukubwa na modeli.

Diski ikiwa nzima na Windows ni ya UEFI, washa kwa flashi ya Windows, bonyeza Shift+F10, ingia `diskpart`, kisha `list vol`. Tafuta sehemu ndogo ya FAT32, mara nyingi MB 100. Ichague kwa `sel vol` na namba yake, ipe herufi kwa `assign letter=S`, toka kwa `exit`, na uandike:

`bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI`

Herufi ya Windows huweza kuwa D ukiwa kwenye flashi, hivyo ithibitishe kwa `dir`. Njia hii ni ya uhakika kuliko `bootrec /fixboot`, ambayo kwenye UEFI mara nyingi hurudisha ujumbe wa kunyimwa ruhusa.

Inayokwama kila mara mahali tofauti, au kutoa skrini ya buluu yenye sababu tofauti kila siku, ipimwe RAM kwa Memtest86+ mzunguko mzima. GB 64 zinaweza kuchukua saa kadhaa. Inayozima ghafla ikiwa na mzigo, safisha vumbi huku ukizishika feni zisizunguke, badilisha pasti, kisha uiangalie pawa saplai. Ujumbe wa feni isiyoonekana nao husimamisha HP na Dell kabla ya kupakia: feni ya kawaida iliyobandikwa badala ya ya asili inaweza isitoe ishara inayotarajiwa.

Ukithibitisha kwamba ubao mama wenyewe ndio mbovu, piga hesabu kabla ya kuagiza mwingine. Ubao, kasha na pawa saplai za mashine hizi zimetengenezwa kama seti: matundu ya skrubu, plagi za feni na kebo ya kitufe cha mbele haviendani na ubao wa kawaida. Mara nyingi mashine nzima ya modeli ileile, isiyo na diski wala kadi ya picha, hugharimu karibu sawa na ubao peke yake, na inakuja na pawa saplai, feni na hitisinki za akiba. Hamishia humo prosesa, RAM na diski zilizopita vipimo, na uweke betri mpya kabla ya kufunga mfuniko.